Kutoka Rosterman Hadi Shinkolobwe: Historia ya Wafanyakazi Waliosahauliwa Kazi Ilipokwisha

Mwishoni mwa mwaka 1931, mlowezi mmoja Mmarekani wa sehemu za Turbo, L. A. Johnson, alipiga kambi karibu na Kakamega pamoja na wenzake, wakaanza kuchekecha mchanga wa mtoni. Dunia nzima ilikuwa kwenye mdororo wa uchumi. Bei za mazao zilikuwa zimeanguka na walowezi wengi wa nyanda za juu walikuwa wamezama kwenye madeni. Dhahabu ilipoonekana, habari haikukaa. Katika miezi michache tu mahema yalitapakaa kila upande, na mitaro ikachimbwa katikati ya mashamba ya watu.

Ardhi hiyo ilikuwa ya akiba, chini ya sheria ya mwaka 1930 iliyowaahidi Waafrika kwamba haitaguswa, na kwamba kipande chochote kikichukuliwa kwa manufaa ya umma, baraza la wenyeji litaulizwa kwanza na kipande kingine cha thamani ileile kitatolewa badala yake. Ahadi hiyo haikuishi miaka mitatu. Desemba 1932 sheria ilibadilishwa haraka haraka ili wachimbaji wapewe ardhi bila wenyeji kuulizwa, nao walipwe fedha tu. Archdeacon Walter Owen wa Kanisa la Anglikana, Kavirondo, alipinga jambo hilo waziwazi, na wananchi wenyewe wakaunda chama cha kulitetea shamba lao, North Kavirondo Central Association. Kwa kawaida historia ya dhahabu ya Kakamega huishia hapo, kwenye ardhi. Lakini chini ya ardhi hiyo walikuwako watu, na habari zao zimeandikwa kwa uchache mno.

Dhahabu ya mchangani iliisha upesi. Iliyobaki ilikuwa ndani ya mawe ya kwazi, nayo ilihitaji mtaji, mashine na mashimo marefu. Wachimbaji wadogo wakaondoka, kampuni zikaingia. Kubwa kuliko zote ilikuwa Rosterman Gold Mines, iliyochimba kusini-magharibi mwa mji kuanzia katikati ya miaka ya 1930. Mashimo yake yalishuka mamia ya mita, na hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1952 ulikuwa umetoa takriban wakia robo milioni za dhahabu. Vijana wa Kiluhya na Kijaluo ndio walioshuka huko. Walitoboa mwamba, wakatia baruti, wakangoja moshi upungue, kisha wakaingia kuzoa mawe yaliyopasuka na kuyapeleka juu yakasagwe.

Kila mwamba wa kwazi ukitobolewa hutoa vumbi laini lisiloonekana vizuri hata kwa taa. Vumbi hilo likiingia ndani ya pafu halitoki. Pafu hulizungushia makovu, makovu huongezeka, na baada ya miaka kumi au ishirini mtu aliyekuwa akipanda kilima huku anaimba hushindwa kuvuka ua wa nyumba yake. Ugonjwa huo ni silikosisi, na humfungulia mlango kifua kikuu. Afrika Kusini ilikuwa imekwisha kuutungia sheria tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo wakati Rosterman inafunguliwa, wenye migodi wa himaya ya Uingereza walijua vizuri vumbi la kwazi linafanya nini.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo linaloiunganisha Kakamega na vinu vya nyuklia. Karibu kila mwamba una chembe kidogo za urani, na miamba ya itale, kama ile ya Maragoli na Mumias, kwa kawaida huwa nazo zaidi. Urani ikivunjika kwa muda mrefu huzaa radiamu, na radiamu huzaa gesi iitwayo radoni. Haina rangi, haina harufu. Juu ya ardhi upepo huipeperusha isidhuru sana. Lakini ndani ya shimo lisilo na hewa ya kutosha hujikusanya, na vizalia vyake hunata kwenye vumbi ambalo mchimbaji analivuta. Huko Schneeberg, Ujerumani, madaktari wawili, Härting na Hesse, walieleza mwaka 1879 kwamba wachimba migodi wa mji huo walikuwa wakifa kwa uvimbe wa mapafu. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia Ujerumani na Chekoslovakia zilikuwa zimeukubali kuwa ni ugonjwa unaotokana na kazi.

Mwaka 1952 Rosterman ikafungwa. Pampu zikazimwa, maji yakajaa mashimoni, mashine zikaondolewa na mabaki ya mawe yaliyosagwa yakaachwa chunguchungu. Jina likabaki kwa mtaa. Wafanyakazi walirudi nyumbani na vifua vyao. Mgodi ulipofungwa hesabu ya dhahabu ilikuwa imekamilika hadi wakia ya mwisho. Hesabu ya mapafu haikuwamo kitabuni.

Miaka hiyohiyo, kusini mwa Kongo, watu waliokuwa wakisemezana kwa Kiswahili walikuwa wakichimba kitu kizito zaidi. Shinkolobwe iko karibu na mji wa Likasi, Katanga. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Sharp aliona huko mawe ya rangi kali, manjano na kijani, nayo yakawa ni urani tajiri kuliko yote iliyokuwa imewahi kupatikana. Kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière ilianza kuichimba katika miaka ya 1920, ikisafirisha mawe hadi Ubelgiji ili kutoa radiamu ya kutibia saratani. Urani yenyewe ilikuwa taka. Baada ya soko la radiamu kudorora mgodi ulifungwa, ukajaa maji.

Vita vikabadilisha kila kitu. Mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, alikuwa amehamisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi Staten Island, New York. Septemba 1942 ofisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, aliingia ofisini kwake akayanunua yote. Wahandisi wa jeshi wakaja Katanga kutoa maji mgodini, na kazi ikaanza upya kwa siri kubwa. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa bomu la Marekani ilitoka Shinkolobwe, na Agosti 6, 1945 Hiroshima ikateketea. Mikono iliyochambua mawe hayo, ikayatia kwenye magunia na kuyapakia, ilikuwa mikono ya Wakongo. Hawakuambiwa ni nini. Union Minière ilikuwa na hospitali na zahanati katika kambi zake, ikipima wafanyakazi ili wawe na nguvu za kufanya kazi, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba tiba haikujulikana huko. Kilichokosekana ni ukweli. Daktari asiyeambiwa mgonjwa wake anashika nini hawezi kuutafuta ugonjwa ulipo.

Kongo ilipokaribia uhuru mwaka 1960, Wabelgiji waliufunga mgodi na kuziba mashimo yake kwa zege. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, uchumi wa Kongo ukiwa umevunjika, maelfu ya watu walirudi Shinkolobwe na sururu kutafuta kobalti, wakaishi palepale, wakala na kulala juu ya vumbi la urani. Januari 2004 Rais Joseph Kabila aliamuru eneo lifungwe. Watu waliendelea kuchimba. Julai mwaka huohuo shimo liliporomoka likaua watu wanane, na baadaye Umoja wa Mataifa ukatuma wataalamu kulikagua eneo lote. Mgodi huo umefungwa angalau mara tatu katika historia yake, na kila mara kilichofungwa ni mlango tu.

Nazitaja habari hizi mbili pamoja kwa sababu Afrika Mashariki sasa inaingia kwenye biashara ya nyuklia kwa miguu yote miwili. Tanzania ina mradi wa urani wa Mto Mkuju, Namtumbo. Kenya ilitaka kwanza kujenga kinu cha umeme Uyombo, Kilifi, ambako wananchi waliandamana mwaka 2024 wakikataa, na sasa macho yameelekezwa kwenye Kaunti ya Siaya, ambayo imepakana na Kakamega. Serikali inalenga umeme wa kwanza katikati ya miaka ya 2030. Mijadala yote niliyoifuata ni ya kufungua: ajira ngapi, megawati ngapi, fidia ya ardhi kiasi gani. Kinu hufanya kazi miaka arobaini hadi sitini, kisha lazima kivunjwe, na kukivunja huchukua miaka mingi. Anayekivunja ni mfanyakazi wa aina nyingine. Wakati kinu kinaendeshwa, mionzi imefungiwa ndani ya chuma na zege. Wakati wa kukivunja, mtu hukata chuma hichohicho, huvunja zege hilohilo, na vumbi lililokuwa limetulia huamka. Humo mna kobalti-60 ndani ya vyuma, siziamu-137, na wakati mwingine plutoni. Humo pia mna asbesto kwenye majengo ya zamani, urefu wa kuanguka, joto la mavazi ya kinga, na vyuma vizito vya kumwangukia mtu.

Dunia imejifunza namna ya kuwatibu wafanyakazi hao kwa gharama kubwa. Usiku wa Aprili 26, 1986 kinu cha Chernobyl kilipolipuka, zaidi ya wagonjwa 100 walipelekwa kwa ndege hadi Hospitali namba 6 ya Moscow. Daktari aliyewapokea, Angelina Guskova, alikuwa na ujuzi ambao wachache duniani walikuwa nao, kwa maana tangu 1949 alikuwa amewatibu wafanyakazi wa kiwanda cha plutoni cha Mayak na kuandika alichokiona. Hakuwa na muda wa kungoja vipimo vya mitambo. Aliuliza kila mmoja ameanza kutapika baada ya muda gani, akahesabu seli nyeupe za damu siku baada ya siku. Aina moja ya seli hizo, limfosaiti, hushuka ndani ya siku mbili kwa kadiri ya mionzi mtu aliyoipata, na kwa hesabu hiyo daktari hujua nani atapona kwa uangalizi na nani yu hatarini. Watu 134 walithibitishwa kuwa na ugonjwa wa mionzi mikali, na 28 walifariki mwaka huohuo. Baada yao watu wapatao 600,000 walihusishwa na kazi ya kusafisha, wanajeshi, madereva, wachimba makaa ya mawe, wengi wakiwa na vipimo vya mionzi vilivyoandikwa kwa kukisia.

Kipimo cha limfosaiti ndicho ningependa msomaji akikumbuke. Hesabu kamili ya damu hufanywa na maabara ya hospitali ya kaunti kila siku, na hata kwa darubini inawezekana. Anayeijua maana yake, na akarudia kipimo hicho kila baada ya saa chache, anaweza kufanya uamuzi wa kwanza akiwa Kakamega au Siaya kabla helikopta yoyote haijaruka.

Vivyo hivyo na usafishaji. Mfanyakazi aliyechafuliwa na vumbi la mionzi akivuliwa nguo taratibu, kuanzia juu kwenda chini, zikakunjwa kwa ndani na kufungwa mfukoni, sehemu kubwa ya uchafu inakuwa imeondoka. Kinachobaki huoshwa kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, bila kusugua hadi ngozi ikachubuka. Lakini akiwa anavuja damu, au ameshindwa kupumua, damu na pumzi hutangulia. Vumbi la nguoni mwake haliwezi kumwua muuguzi aliyevaa glovu, barakoa na aproni, ilhali kuchelewa kwa dakika kumi kunaweza kumwua mgonjwa. Hofu ya wahudumu wasiofunzwa ni hatari kubwa kwa majeruhi wa kituo cha nyuklia kama ilivyo mionzi yenyewe. Dawa nazo zipo, kila moja na kazi yake: vidonge vya potasiamu ayodaidi hukinga tezi ya shingo dhidi ya ayodini yenye mionzi na si dhidi ya kitu kingine, buluu ya Prussia husaidia kuitoa siziamu tumboni, DTPA huikamata plutoni kwenye damu. Ayodini hiyo huisha nguvu ndani ya miezi, kwa hiyo kwenye kinu kilichozimwa zamani vidonge hivyo havina la kufanya, na hospitali iliyoweka akiba ya vidonge peke yake haijajiandaa kuwatibu wanaokivunja.

Fukushima, Japani, ilifundisha somo jingine. Machi 24, 2011, siku 13 baada ya tsunami iliyoharibu vinu vya huko, mafundi watatu wa kandarasi walikuwa wakitandaza nyaya chini ya jengo la kinu cha tatu. Sakafu ilikuwa na maji. Vipimo vyao vya mionzi vililia, wao wakadhani vimeharibika, wakaendelea na kazi. Wawili walikuwa wamevaa viatu vifupi na maji yakaingia. Walipata kiasi cha milisievati 170 hadi 180 kila mmoja, wakati kiwango kinachopendekezwa kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa 20 kwa mwaka. Walipona. Lakini kisa chao chaonyesha kwamba kifaa cha kupimia hakimlindi mtu ambaye hakufundishwa kukiamini, wala hakupewa ruhusa ya kuacha kazi kinapolia.

Hospitali zilizokuwa karibu na kinu zilikuwa ndani ya eneo lililohamwa, kwa hiyo zilizotarajiwa kupokea majeruhi zilikuwa zenyewe zinakimbia. Katika kuwahamisha wagonjwa wazee wa Hospitali ya Futaba, zaidi ya 40 walifariki, wakiwa hawakuuawa na mionzi. Safari ndefu, baridi na kukosa uangalizi ndivyo vilivyowamaliza. Kwa hiyo hospitali ya karibu haitoshi. Lazima kuwe na ya pili iliyo mbali kidogo, iliyofanya mazoezi na ile ya kwanza. Kwa kinu cha Siaya, jiografia yenyewe inaitaja Kakamega.

Japani hata hivyo ilikuwa na kitu ambacho Rosterman na Shinkolobwe hazikuwa nacho. Tangu 1977 ina daftari la taifa ambamo kila mfanyakazi wa nyuklia huandikwa, na kila mmoja hubeba kitabu chake cha mionzi hata akihama kampuni. Oktoba 2015 serikali ilikubali kwa mara ya kwanza kwamba saratani ya damu ya fundi mmoja aliyefanya kazi ya usafishaji Fukushima inastahili fidia ya kazini. Alikuwa amepata jumla ya milisievati 19.8, sehemu kubwa Fukushima na nyingine kwenye kinu kingine. Desimali hiyo ndiyo iliyomlipa. Bila kitabu chake angekuwa mgonjwa kama wagonjwa wengine, mwenye hadithi ya kusimulia tu.

Afrika Kusini imetuonyesha jambo hilohilo kwa vumbi. Mwaka 2019 mahakama iliidhinisha makubaliano ya kampuni za dhahabu kulipa wachimbaji wa zamani wenye silikosisi na kifua kikuu, wakiwemo wa Lesotho na Msumbiji, waliofanya kazi tangu 1965. Kwa wengi wao rekodi za ajira ndizo zilizothibitisha walikuwako. Wachimbaji wa Kakamega hawamo kwenye mfuko wowote wa namna hiyo.

Kenya haianzii sifuri. Ilikuwa na sheria ya kinga dhidi ya mionzi tangu 1982, na sheria ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia ambayo husajili mashine za eksirei na vyanzo vingine vya mionzi. Iko ghala ya taka za mionzi Oloolua, karibu na Ngong. Wahudumu wa eksirei huvaa beji za kupimia mionzi. Sheria ya fidia za kazini ya 2007 inatambua magonjwa yatokanayo na kazi. Haya ni matofali mazuri. Kinachokosekana ni ufuatiliaji wa muda mrefu. Saratani ya mionzi huja baada ya miaka kumi, ishirini, hata arobaini, wakati kampuni imekwisha kuondoka na meneja amestaafu. Mkandarasi wa miezi sita, aliyeajiriwa kukata mabomba, ndiye atakayepotea wa kwanza.

Wala hatuhitaji kungoja kinu ndipo tujifunze. Ikolomani na mitaa ya Rosterman bado kuna vijana wanaoshuka mashimoni kwa kamba, tochi kichwani, pampu ya petroli ikivuta maji pembeni. Juu, wanawake wameketi chini wakiponda mawe kwa nyundo, vumbi jeupe likiwatua kwenye nyusi, na wengine huchanganya unga wa mawe na zebaki kwa mikono mitupu ndani ya karai. Kampuni ya Shanta Gold nayo imefanya utafiti Isulu na Bushiangala na kutangaza kuwa dhahabu ipo. Mgodi mkubwa ukifunguliwa, utafungwa siku moja, na vifua vitabaki.

Bunge na kaunti za magharibi zina nafasi ya kufanya mambo haya kabla ya jiwe la msingi la kinu kuwekwa. Liundwe daftari moja la taifa la kila mtu afanyaye kazi kwenye mionzi au kwenye vumbi la mawe, limfuate mfanyakazi na si kampuni, na lihifadhiwe na serikali kwa maisha yake yote. Fedha za kukivunja kinu, pamoja na za kumpima kifua na damu aliyekivunja hadi uzeeni, zitengwe kuanzia siku ya kwanza umeme unapouzwa, mahali ambapo kampuni haiwezi kuzigusa. Hospitali za Siaya, Kisumu, Kakamega na Eldoret zifanye mazoezi ya pamoja kila mwaka, na wauguzi wa zamu ya usiku wawemo. Na daftari hilo lisingoje Siaya. Majina ya kwanza yaandikwe mwaka huu, pamoja na picha ya kifua ya kila mmoja, kwenye mashimo ya dhahabu ya Ikolomani.